Hongera za Mwenye Punda

Miaka ile Waingereza walikuwa wamekwisha kutulia vizuri kwenye viti vya Wajerumani, nami nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya makuti mtaa wa pili kutoka sokoni. Kazi moja sikuwa nayo. Nilikwisha kuwa mpagazi, mchoma chokaa, mpaka rangi mashua, na kwa muda mfupi msaidizi wa fundi saa, mpaka alipogundua kwamba nafungua saa za watu kwa kutaka kuona ndani tu, si kuzitengeneza. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wangu hakupenda kuulizwa. Maswali yangu nikayachukua nikaondoka nayo.

Desemba moja nikashikwa na swali la Krismasi. Mimi nilibatizwa udogoni, kwa hiyo nilijua ni siku ya nani. Lakini nilivyoitazama Kariakoo inavyojiandaa niliona kila mtu anaingoja sikukuu kwa hamu, na asiyetajwa hata kidogo ni mwenye sikukuu. Wacheza beni, ngoma ile ya kuiga bendi ya askari, walikuwa wakifanya mazoezi ya tarumbeta tangu asubuhi. Mafundi cherehani walikuwa hawalali kwa kushona sare zao. Bendera zilikuwa zinafuliwa. Basi nikaanza kuulizauliza.

Muuza samaki mmoja pale sokoni, mtu wa sauti kubwa ambaye nilikuwa nikimsaidia kubeba matenga, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwa samaki wake.

"Ni siku aliyozaliwa Kingi."

"Kingi wa Uingereza?"

"Wewe unamjua mwingine? Ofisi zinafungwa, korti inafungwa, Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa wilaya, mwenyewe hasikilizi kesi. Nani mwingine akizaliwa watafunga ofisi?"

Nikamwuliza mpishi wa Mzungu mmoja. Yeye akasema Krismasi ni siku ambayo ndege hushonwa tumbo akiwa amejazwa mkate, na kwamba ukimshona vibaya unafukuzwa kazi. Zaidi ya hapo hakujua. Nikaenda kwenye duka la Mhindi, ambaye alikuwa anabandika vipande vya pamba kwenye kioo cha dirisha, jasho likimtoka. Nikamwuliza pamba ile ni ya nini.

"Theluji," akasema.

"Theluji ni kitu gani?"

"Sijapata kuiona. Lakini bila hiyo Wazungu hawanunui biskuti."

Jioni nikamsimulia yote hayo mwalimu wa dini aliyekuwa akikaa chumba cha mbele katika nyumba yetu. Alikuwa mtu wa kusini, mwembamba, mwenye koti moja jeusi alilolivaa katika joto na katika mvua. Kazi yake ilikuwa kuwatunza Wakristo wachache wa Kariakoo: maboi, mayaya, watu wa reli, watu waliotoka mbali na hawakuwa na jamaa mjini. Akiugua mtu, yeye ndiye aliyekwenda. Akifa mtu, yeye ndiye aliyetafuta wa kuchimba kaburi, na mara nyingi alichimba mwenyewe. Nilidhani atacheka. Hakucheka, aliacha kula.

"Kingi," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na padre anajua hivyo. Ndiyo maana anataka kunihamisha."

Ndipo akanieleza. Padre wake, Mzungu mzee mwenye Kiswahili safi kuliko changu, alikuwa amechoka na Kariakoo. Alisema hapahubiriki, kelele zimezidi, na kuna kituo kipya bara ambako walimu wanahitajika. Mwalimu alikuwa amemsihi. Akamwomba ruhusa ya jambo moja: siku ya Krismasi ajenge banda kando ya barabara ya Msimbazi, aweke humo mama na mtoto mchanga, na ng'ombe, na punda, ili kila apitaye aone kwa macho yake ni nani aliyezaliwa. Kuhubiriwa watu wa sokoni hawataki, lakini kutazama hawajapata kukataa.

Padre akakubali, kwa sharti. Siku ile saa kumi alasiri atashuka barabara ya Msimbazi kwa miguu, na mtu wa kwanza atakayekutana naye atamwuliza: leo amezaliwa nani? Mtu huyo akijua, mwalimu atabaki. Asipojua, mwalimu atakwenda bara, na Wakristo wa Kariakoo watajitunza wenyewe.

"Na mtu wa kwanza akiwa yule muuza samaki?" nikauliza.

"Usinikumbushe," akasema.

Mama na mtoto walikuwa tayari wamo nyumbani mwetu. Chumba cha nyuma alikaa kijana mmoja mtia makaa wa gari moshi, na mkewe, Wakristo wote wawili, na mkewe alikuwa amejifungua siku si nyingi. Wenyewe hawakuwa na neno. Tatizo lilikuwa mwenye nyumba. Alikuwa bibi wa pwani, mjane, mtu wa sala zote tano, na mkunga wa mtaa mzima. Mtoto yule alimpokea yeye kwa mikono yake, na kwa kanuni yake mtoto aliyempokea ni mali yake mpaka arobaini itimie. Mwalimu nami tulimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamweleza. Bibi akaendelea kupepeta mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Huyu mzazi hajatoka arobaini, nawe unataka kumweka njiani."

"Si njiani, mama. Bandani."

"Bandani pamoja na nani?"

"Na ng'ombe. Na punda."

Bibi akanigeukia mimi, kama mtu atafutaye mkalimani.

"Mama," akasema mwalimu, "Mariamu mwenyewe alijifungulia zizini."

"Mariamu alijifungulia chini ya mtende. Akautikisa ukamdondoshea tende mbivu, akala, akanywa maji. Hayo nayajua tangu chuoni, kwenye Kurani. Ng'ombe hakuwapo."

"Kwetu sisi yupo."

"Basi ng'ombe wenu akae mbali na mtoto."

Walibishana mpaka mchele ukaiva. Mwishowe bibi akakubali, kwa masharti yake. Moja, mzazi atakaa bandani akiwa amefunikwa mgongo, na atakunywa uji wake wa pilipili manga kila bibi atakapoleta, hata kama gavana yupo anatazama. Jingine, banda liwe na kuti la mtende. La mwisho, mtoto apakwe wanja na avae hirizi.

"Hirizi haiwezekani," akasema mwalimu.

"Atatazamwa na soko zima, mwalimu. Unalijua jicho la mtu mmoja linavyofanya. Hili ni jicho la soko zima."

Mwalimu akatafakari sana. Wakapatana kwamba hirizi itakuwa chini ya nguo na msalaba juu ya nguo. Mtoto akavalishwa vyote viwili, akalala usingizi. Jambo moja mwalimu alinionya nisilitaje kwa watu: mtoto yule alikuwa wa kike.

"Amefungwa nguo," akasema, "nani atajua."

Mimi nilipewa kazi ya wanyama. Ng'ombe nilimpata kwa muuza maziwa, ambaye alikuwa akimtembeza mjini kila siku na akafurahi kwamba leo atasimama. Punda alikuwa kwa mwenye duka mmoja wa Kiarabu katika mtaa ule ule, aliyeuza mafuta ya taa, halua na tende. Bwana huyo alizaliwa hapa hapa mjini, kama baba yake, na hakuna mtu Kariakoo aliyekuwa mpole na mwenye adabu kama yeye. Ukimkanyaga, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Nikamkuta barazani.

"Kazi ya punda itakuwa nini?" akaniuliza.

"Kusimama."

"Kusimama tu?"

"Na kumtazama mtoto."

Akamwita punda wake kwa ulimi, punda akaja, wote wawili wakanitazama.

"Kusimama anaweza," akasema. "Lakini kwa mtu mwingine hasimami. Nikimwacha peke yake ataondoka zake mtoni Msimbazi kunywa maji, na mtoto hatamtazama. Itabidi nije naye."

Nikamshukuru. Sikuona tatizo lolote. Siku ya Krismasi duka lake lingefungwa kwa sikukuu, naye hangekuwa na la kufanya.

Asubuhi ya Krismasi, baada ya ibada, tukapanga banda. Lilipendeza. Makuti mapya, majani makavu, hori tuliloliazima kwa muuza maziwa, na kuti la mtende limesimama pembeni kama mgeni asiyejulikana ni wa upande gani. Mzazi akakaa juu ya mkeka, amejitanda kanga, mtoto mapajani. Mumewe mtia makaa ndiye aliyekuwa Yusufu. Tulimfunga shuka la kitanda, lakini alikuwa mtu wa haya sana, na watu walipoanza kukusanyika akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akawa nyuma ya ng'ombe, kikaonekana kichwa tu.

Kisha akaja mwenye punda. Kanzu yake ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho, kilemba kipya, joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, na harufu ya udi ilimtangulia.

"Ni sikukuu ya watu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siwezi kuja na kanzu ya mafuta ya taa."

Akasimama pale pale punda aliposimama, yaani ubavuni kwa mzazi. Inzi alipomjia mtoto, alimpungia kwa ncha ya kilemba. Jua lilipoingia, alisogea ili kivuli chake kimwangukie mama. Yote hayo aliyafanya kwa upole tu.

Watu wakaja kwa wingi. Walikuja waliotoka sokoni, waliokuwa wakienda Mnazi Mmoja kutazama beni, wenye mashamba waliotoka Ilala na vikapu vichwani. Mwalimu alisimama kando akieleza kwa sauti yake yote, lakini sauti yake ilikuwa moja na tarumbeta za beni zilikuwa nyingi, na zilizidi kukaribia. Watu walichokiona kwa macho yao kilikuwa hiki: mama na mtoto mchanga, na bwana mmoja aliyevaa vizuri sana amewasimamia.

Mtu wa kwanza akasogea kwa mwenye punda.

"Hongera, bwana."

"Ahsante," akajibu, mkono kifuani. "Tumshukuru Mungu."

Akaja mwingine. "Hongera. Mungu amkuze."

"Amina, amina."

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa bara huenda asilielewe. Kwa adabu ya pwani mtu akikupa hongera humwulizi ya nini. Unaipokea, unamshukuru Mungu, unamwombea na yeye. Kuuliza ni kumwaibisha. Na yule bwana alikuwa na adabu kuliko sisi sote. Walimpa hongera watu wasio na idadi, naye akazipokea zote, kila moja kwa shukrani yake. Watu walipopungua kidogo akaniinamia.

"Dini yenu ina heshima," akasema. "Nimeleta punda tu, na tazama wanavyonipongeza."

Nami, ambaye maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuuliza, siku ile sikuuliza. Nilikuwa namtazama ng'ombe anakula paa la banda.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyeligundua jambo. Alikuja na uji, akapenya katikati ya watu, akamshikia mzazi bakuli mdomoni, na huku akasikiliza maneno nyuma yake. Alipomaliza akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, unajua watu wanasema leo amezaliwa nani?"

Uso wa mwalimu ukang'aa. "Wanasema nani?"

"Mtoto wa mwenye duka. Wanasema ameoa mke wa pili, mtu wa bara, kwa siri, na leo ameamua kumtoa hadharani. Wanamsifu kwa ushujaa."

Mwalimu akamtazama yule bwana, ambaye wakati huo alikuwa anapokea hongera ya muuza samaki wangu, kwa mikono miwili. Nilidhani mwalimu atakaa chini barabarani.

"Saa kumi padre anakuja," akasema.

"Padre ni jambo dogo," akasema bibi. "Huyu ana mke nyumbani."

Nami nilimjua mkewe, kama mtu anavyoweza kumjua mwanamke asiyetoka mchana. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakujaliwa mtoto. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulikuwa na dawa za kumshauri. Mumewe hakuoa mwingine, ingawa ndugu zake walimshika masikio. Sasa jirani mmoja, mwanamke mwema asiye na ubaya wowote, alikuwa amekwenda mlangoni kwake na sahani ya kaimati iliyofunikwa kawa, akamwambia, "Hongera, shoga. Mwenzio amejifungua salama."

Alikuja. Tulimwona kwa mbali, buibui jeusi katikati ya barabara ya Msimbazi mchana wa saa nane, na watu wakimpisha njia. Beni ilikuwa inapita wakati ule ule, tarumbeta mbele, sare mpya, kapteni wao na upanga wa mbao. Watu waliokuwa wakiifuata beni walipomwona yule mama, wakaiacha. Beni ikaendelea kidogo bila watu, ikalegea, ikanyamaza, na wapigaji nao wakarudi kutazama, tarumbeta kwapani. Mpaka leo najiuliza kama kuna mhubiri yeyote aliyepata kuinyamazisha beni siku ya sikukuu.

Mumewe akamwona. Alifurahi.

"Umekuja," akasema. "Njoo umwone mtoto."

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Nimekuja kumwona," akasema mkewe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekaa na wewe miaka yote hii. Ungeniambia tu, bwana. Nisingekukatalia. Ungeniambia mwenyewe, nisiambiwe kwa sahani ya kaimati."

"Nikuambie nini?"

"Mnaona," akasema muuza samaki.

Yule bwana akageuka huku na huku, na nilimwona anaanza kuelewa. Hongera zote za asubuhi zilimrudia mojamoja usoni. Akamshika punda kwa nguvu zaidi.

"Nipe," yule mama akamwambia mzazi.

Mzazi akamtazama bibi mkunga, bibi akaitikia kwa kichwa, mtoto akatolewa. Yule mama akamfunua uso, akamgeuza kwenye mwanga. Lazima mjue kwamba mumewe alikuwa na pua ya kutajika, pua iliyotoka kwa baba na babu, na Kariakoo nzima ilikuwa ikimtambua kwayo akiwa bado kwenye kona. Mkewe aliitafuta pua ile kwenye uso wa mtoto kwa muda mrefu. Pale palikuwa na kijipua kifupi, kipana, cha amani. Akamfunua nguo ya juu, akaona msalaba. Akafunua ya chini, akaona hirizi. Akafunua iliyofuata.

"Mwalimu," akasema, "huyu ni msichana."

Kicheko kilichozuka pale kilimwamsha mtoto, akalia. Yule mama akamweka begani akampigapiga mgongo, bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo kila siku.

"Mama," akasema mwalimu, na koti lake lilikuwa limelowa mgongo mzima, "huyu si yeye. Huyu ni mtoto wa mtia makaa. Yule pale, nyuma ya ng'ombe."

Mtia makaa akainua mkono kidogo. Watu wakamtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kama si yeye, yeye ni nani?" akauliza yule mama. "Mmejenga banda, mmeleta mume wangu, mmempa kila mtu sababu ya kuja mlangoni kwangu. Leo amezaliwa nani? Nieleze taratibu. Nasikiliza."

Nimekaa katika makanisa mengi tangu siku ile, nikipita tu, kama ninavyopita kila mahali. Sijapata kuona mtu akisikiliza habari ya Krismasi kama alivyosikiliza yule mama. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Kila neno alilipima. Mwalimu alipofika kwa malaika, alimsimamisha.

"Malaika alimwambia Mariamu atazaa, naye hajaguswa na mtu."

"Hajaguswa na mtu."

"Rudia hapo, wasikie wale wa nyuma."

Mwalimu akarudia, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Tarumbeta hazikuwapo za kumshinda.

"Kwa hiyo mtoto huyo," akasema yule mama polepole, akiwageukia watu, "baba hana."

"Baba yake ni..." akaanza mwalimu.

"Astaghfirullahi, mwalimu, hapo uishie. Baba hana. Hata sisi tumesoma hivyo." Akamtazama bibi. "Mama, si ndivyo?"

"Ndivyo," akasema bibi. "Na alipomleta kwa jamaa zake walimsema, kama ninyi mlivyomsema huyu bwana leo. Wakamwuliza mtoto ametoka wapi. Midomo ya watu haikuanza Kariakoo."

Watu wakaangalia chini. Mwalimu alikuwa na mengi ya kuongeza kuhusu suala la baba, nilimwona yanavyompanda kooni. Lakini alimtazama yule mama, mtoto begani, akanyamaza. Nilimheshimu kwa kunyamaza kule kuliko kwa mahubiri yote.

Mtoto akarudishwa kwa mama yake, na bibi akatangaza kwamba yatosha, mzazi wake anaingia ndani, Krismasi au si Krismasi. Wakaondoka, na mtia makaa na shuka lake nyuma yao. Banda likabaki na ng'ombe, punda, na kuti la mtende. Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa hori.

"Atakapokuja padre ataona nini?" akaniuliza.

"Ataona ng'ombe," nikasema.

Lakini yule mama hakwenda nyumbani moja kwa moja. Habari ya sahani ya kaimati ilikuwa imepita milango mingi kabla ya kufika kwake, naye akaamua kuifuata njia yake kinyumenyume. Alipita mtaa kwa mtaa, mumewe nyuma yake, na punda nyuma ya mumewe. Kila baraza alisimama. Mimi, kwa udadisi wangu, nikawafuata. Alisema yale yale kila mahali, na kila mahali aliyasema vizuri zaidi: aliyezaliwa leo ni Isa, mwana wa Mariamu, kwa amri ya Mungu, mama yake hakuguswa na mwanamume yeyote, wa Kariakoo wala wa kwingine, na mume wangu alikuja na punda tu. Wenye baraza waliitikia. Aliyejaribu kutabasamu aliambiwa tena tangu mwanzo. Mhindi mwenye pamba alielezwa mpaka akatoka nje ya duka. Mpishi wa Mzungu alielezwa akiwa na ndege wake mkononi.

Saa kumi padre akashuka barabara ya Msimbazi, kofia kubwa kichwani, fimbo mkononi. Mwalimu alikwenda kumlaki, nami nikawa nyuma yao. Padre akaliona banda kwa mbali na ng'ombe aliyekuwa amekwisha kumaliza upande mmoja wa paa. Kisha akamwona mtu wa kwanza anayekuja mbele yake, buibui jeusi, anatembea kwa haraka kama mtu mwenye kazi ambayo haijaisha. Mwalimu akafumba macho.

"Mama, samahani," akasema padre kwa Kiswahili chake cha vitabuni. "Waweza kuniambia leo amezaliwa nani?"

Yule mama akasimama. Akamtazama Mzungu yule tangu kofia hadi viatu.

"Hata wewe habari zimekufikia," akasema. "Basi sikiliza, bwana padre, kisha na wewe uwaambie Wazungu wenzio. Leo amezaliwa Isa, mwana wa Mariamu. Malaika alimletea habari. Alijifungua peke yake, watu wakamsema, na Mungu akamtakasa na maneno ya watu. Mume wangu hahusiki."

Padre akaegemea fimbo yake. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jibu la Kingi, au kwa kutojua, na kwa hayo mawili alikuwa na maneno. Kwa hili hakuwa nayo. Akamgeukia mwalimu, akamgeukia mume, ambaye aliinamisha kilemba kwa heshima.

"Mume wako?" akauliza.

"Alikuja na punda tu."

Padre, kwa kutoamini masikio yake, akamwita mtu mwingine aliyekuwa anapita na tenga tupu kichwani. Alikuwa muuza samaki wangu. Nilimwona mwalimu anaushika mkono wangu.

"Ndugu, leo amezaliwa nani?"

"Isa," akasema muuza samaki mara moja, huku akimwangalia yule mama kwa pembe ya jicho. "Usisikilize watu, bwana padre. Mwarabu hahusiki kabisa."

Mwalimu hakuhamishwa. Padre alimwambia jioni ile ile, karibu na banda, kwamba anabaki, kisha akamwuliza kwa muda mrefu amefundishaje, na mwalimu akajitahidi kueleza, na kila alipoeleza padre alizidi kuvua na kuvaa kofia. Sikukaa kuwasikiliza. Nilitumwa kumrudisha ng'ombe.

Njiani nikawapita wale watatu wakirudi nyumbani, mama mbele, bwana katikati, punda nyuma. Jua lilikuwa limepoa. Mtu mmoja aliyekaa barazani, ambaye bila shaka alikuwa amelala mchana kutwa na hakuwa na habari ya lolote, aliinua mkono akamwambia yule bwana, "Sikukuu njema."

Yule bwana akaweka mkono kifuani, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akasita, akamtazama mkewe kwanza.